Mashine hazisimami, lakini faida inashuka: mkakati wa uzalishaji unahusika vipi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda kikubwa cha plastiki hapa Arusha. Tunatengeneza kreti za soda, ndoo, mabeseni, na trei za mboga kwa wanaosafirisha nje. Tuna wafanyakazi karibu 400. Mwaka jana tulinunua mashine mbili mpya, na ripoti zinaonyesha matumizi ya mashine yamepanda kuliko wakati wowote. Ajabu ni kwamba faida imeshuka, ghala limejaa hadi tunapanga ndoo chini ya maturubai nje, na wateja wakubwa wanalalamika tunachelewa. Mkurugenzi ameniagiza niandike mkakati wa uzalishaji: gharama ziwe chini kuliko washindani, ubora uwe juu kuliko wote, na mzigo utoke haraka kuliko wote. Naomba uniambie ukweli. Je, mkakati wa namna hii una uhusiano wowote na faida ya kampuni, au ni karatasi za kufurahisha bodi? *Meneja Uzalishaji, Arusha*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Uhusiano upo, na ni mkubwa. Lakini hauko kwenye kabrasha utakalopeleka kwenye bodi. Uko kwenye mambo ambayo pengine huyaiti mkakati: unazalisha ndoo ngapi za rangi moja kabla ya kubadilisha, nani ana haki ya kuvuruga ratiba, fundi wa zamu ya usiku ana winchi yake au anaazima, na mkurugenzi anakuuliza namba gani kila Jumatatu asubuhi. Hayo yakivutana na kile ambacho mteja anakulipia, kampuni inaumia hata kama kila idara inafanya kazi kwa bidii. Nikisoma barua yako naona ndicho kilichowapata.

Angalia sentensi zako mbili zilizofuatana: matumizi ya mashine yamepanda, ghala limejaa. Hilo la kwanza ndilo limezaa la pili. Meneja akipimwa kwa saa ambazo mashine inazunguka, atafanya ambacho mimi mwenyewe nilikifanya kwa miaka mingi nilipokuwa mhandisi wa matengenezo hapa Moshi: ataongeza urefu wa kila mzunguko wa bidhaa. Akishafunga moldi, yaani kalibu ya kulipa beseni umbo, kwa ajili ya beseni la bluu, hataki kuifungua, maana kuifungua ni kupoteza saa nne. Kwa hiyo anapiga mabeseni ya bluu siku mbili mfululizo. Ripoti inapendeza. Mabeseni yanaenda ghalani, na mwenye duka wa soko la Kilombero hapo Arusha aliyetaka mekundu anaambiwa asubiri.

Sasa twende kwenye hesabu, maana bila hesabu haya yanabaki maneno. Chukua mashine moja yenye bidhaa 12 inazozipokezana usiku na mchana. Kila bidhaa inapewa saa 48, kisha saa 4 za kubadilisha moldi. Jumla ni saa 52 kwa bidhaa, na mzunguko wote ni saa 624, yaani siku 26. Mteja aliyekosa beseni jekundu zamu ikiwa imetoka kupita atangoja karibu mwezi. Ili asingoje, unalazimika kuweka ghalani akiba ya karibu mwezi mzima ya kila bidhaa. Hayo maturubai yako ya nje yametoka hapo.

Tuseme sasa umefanikiwa kupunguza kazi ya kubadilisha moldi kutoka saa 4 hadi saa 1. Ukabana na mizunguko, kila bidhaa ikapata saa 12 badala ya 48. Inakuwa saa 13 kwa bidhaa, na mzunguko mzima saa 156, yaani siku sita na nusu. Muda unaopotea kwa kubadilisha moldi ni ule ule: saa 4 kati ya 52, au saa 1 kati ya 13. Mashine yako inatoa mzigo ule ule kwa mwezi, lakini mteja anangoja robo ya muda wa zamani, na akiba unayohitaji ghalani inashuka karibu kwa kiasi hicho hicho. Hukununua mashine yoyote.

Na ile akiba ni fedha. Kama ghalani mna mzigo wa shilingi bilioni 1.2 na benki inawatoza asilimia 16 kwa mwaka, mnalipa milioni 16 kila mwezi ili mabeseni yakae chini ya turubai. Gharama hiyo haiandikwi kwenye ripoti yako ya uzalishaji. Inaandikwa kwa mhasibu chini ya riba, na hakuna anayekuuliza wewe. Ndiyo maana nasema idara zote zinaweza kuwa sahihi na kampuni ikawa inapotea.

Utaniuliza saa 4 zinashukaje hadi 1. Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Usiku mmoja, baada ya kuchoka kubishana na mafundi, nilikaa kwenye kiti karibu na mashine nikiwa na saa na daftari, bila kumhukumu mtu. Kazi nzima ilichukua dakika 250. Dakika 40 zilikwenda kungoja winchi, kwa sababu ilikuwa moja na mashine ya pili ilikuwa inaitumia. Dakika 30 kutafuta boliti na paipu za maji ya kupoozea, kila moldi ikiwa na boliti za ukubwa wake. Kufunga moldi yenyewe, dakika 50. Kungoja ipate joto, 45. Kurekebisha mashine mpaka bidhaa itoke nzuri, 30. Halafu dakika 55 tukimngoja mkaguzi wa ubora aje aidhinishe kipande cha kwanza. Alikuwa jengo la pili, na hakuna aliyemwambia saa ngapi atahitajika.

Kazi ya kweli ya mikono ya fundi ilikuwa dakika 80 kati ya 250. Zilizobaki zilikuwa za kungoja na kutafuta, na sehemu kubwa ya hizo ingefanyika mashine ikiwa bado inazunguka: moldi inayofuata iwekwe kando na ipashwe moto mapema, boliti za ukubwa mmoja ziwe kwenye kisanduku chake, mkaguzi aitwe nusu saa kabla. Huo si ugunduzi wangu. Mjapani Shigeo Shingo aliifanya kazi hiyo Toyota mwaka 1969 kwenye mashine kubwa ya kukandamiza mabati ya tani 1,000. Kubadilisha kalibu zake kulikuwa kunachukua saa nne, wakashusha hadi dakika 90, kisha hadi dakika tatu. Sisi hatukufika dakika tatu. Tulifika dakika 70, na hapo tu maisha yalibadilika.

Jambo lingine dogo kwa watu wa plastiki: panga rangi kutoka nyepesi kwenda nzito. Kutoka nyeupe kwenda njano, nyekundu, bluu, nyeusi, unasafisha mashine kwa malighafi kidogo. Kurudi kutoka nyeusi hadi nyeupe utatupa skrapu hadi ulie, na malighafi ile imelipiwa kwa dola na kusafirishwa zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam. Ofisa mauzo akiingiza oda yake ya dharura ya ndoo nyeupe katikati ya nyeusi, amekugharimu bila kujua. Mwambie, kwa upole, akijua gharama yake atauza vingine.

Sasa turudi kwenye agizo la mkurugenzi wako, kwamba muwe wa kwanza kwa bei, kwa ubora na kwa haraka. Mwaka 1969 huo huo, Wickham Skinner, profesa wa Harvard huko Marekani, alilalamika kwamba wakuu wa makampuni makubwa wameuacha uzalishaji mikononi mwa wahandisi kana kwamba ni suala la kiufundi tu, wakati maamuzi ya kiwandani ndiyo yanayoifunga kampuni kwa miaka mingi. Ukishanunua mashine fulani, ukajenga mahali fulani, ukaajiri watu wa aina fulani, umeshachagua utakachokiweza na utakachoshindwa. Miaka mitano baadaye akaongeza kwamba kiwanda kinachobebeshwa kazi chache zinazofanana humshinda jirani anayehangaika na kila kitu.

Mimi nakubaliana naye, na kwako naliona wazi. Wewe una viwanda vitatu ndani ya jengo moja. Kampuni ya soda inaagiza kreti miezi kabla, maelfu kwa maelfu, za rangi moja. Kreti isipasuke ikidondoka kutoka kwenye lori, hilo ni sharti la kuingia mlangoni. Lakini oda unaipata kwa bei ya kipande. Mwenye duka ni tofauti. Anataka ndoo chache za rangi mchanganyiko, na anazitaka kesho kabla ya siku ya soko. Ukimkosesha anampigia mwingine. Ukimpunguzia shilingi mia hakushukuru kama ulivyotegemea. Anayesafirisha maharage machanga na mboga kwenda Ulaya hajali sana bei ya trei, anajali tarehe. Trei zikichelewa siku mbili, mboga zake zinaoza na nafasi yake kwenye ndege imekwenda bure.

Hawa watatu unawapitisha kwenye mashine zile zile, ratiba ile ile, na kipimo kile kile cha saa za mashine. Kipimo hicho kinamfaa mteja wa kreti peke yake. Wale wawili wanaumia, na nina hakika ukikaa na mhasibu mkatenganisha faida kwa kundi la wateja, utakuta mwenye trei ndiye aliyekuwa akiwalipa vizuri zaidi, na ndiye mnayemchelewesha zaidi.

Huhitaji kujenga jengo jipya. Tenga mashine. Zile mbili mpya, kama ni kubwa na za kasi, zipe kreti na uziache zitulie. Hapo mizunguko mirefu ni halali yake. Mashine mbili tatu za zamani, ndogo, zipe ndoo na mabeseni na mafundi wako wepesi wa kubadilisha moldi. Trei zipewe mashine yake na mtu mmoja anayejibu kwa tarehe. Kila kundi lipimwe kwa kipimo chake: kreti kwa gharama ya kipande, ndoo kwa siku toka oda hadi mzigo kutoka, trei kwa asilimia ya mizigo iliyofika siku iliyoahidiwa. Kwenye mashine za ndoo, kubali kwamba wakati mwingine zitasimama. Hilo litamuuma mkurugenzi, nawe ujiandae kumweleza.

Nakupa mfano wa karibu wa kiwanda kinachohitaji njia tofauti kabisa. Kiwanda cha sukari cha TPC, pale Arusha Chini kusini mwa Moshi, kina bidhaa kuu moja na malighafi isiyongoja. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, kwa hiyo shamba, matrekta na mitambo ya kukamua lazima viende kwa mwendo mmoja. Makapi ya muwa yanachomwa kupata mvuke na umeme. Pale kutosimamisha mtambo wakati wa msimu ndiyo kila kitu, na mtu akienda na mawaidha yangu ya mizunguko mifupi atafukuzwa, na itakuwa haki. Tangu kibinafsishwe mwaka 2000 uzalishaji wake umepita tani 100,000 kwa mwaka. Uhusiano kati ya mkakati na faida ni wa kulingana: namna ya kuzalisha ilingane na bidhaa, na bidhaa ilingane na sababu ya mteja kununua. Mkakati mzuri wa sukari ni sumu kwa ndoo.

Hata hivyo kulingana kwa leo hakutoshi milele. Ford walianza kuuza gari lao la Model T mwaka 1908 kwa dola 850, na kwa miaka mingi kiwanda chao chote kilielekezwa kwenye jambo moja, kushusha bei. Katika miaka ya 1920 gari hilo likauzwa chini ya dola 300. Lakini wanunuzi walikuwa wamebadilika, wanataka rangi, starehe na muundo mpya, na washindani wao General Motors wakawapa. Mwaka 1927 Ford walisimamisha uzalishaji kwa miezi kadhaa ili kujipanga upya kwa gari jingine. Kadiri kiwanda kilivyonyooshwa kwa kazi moja, ndivyo kugeuza kulivyokuwa kugumu. Kwa hiyo ukitenga mashine kwa makundi, kila mwaka urudi uulize kama makundi ni yale yale.

Wapo waliompinga Skinner, na hoja yao ina nguvu. Walisema Wajapani waliuza magari bora kwa bei ndogo, sasa hapo kuchagua kuko wapi? Mwaka 1990 Kasra Ferdows na Arnoud De Meyer walieleza kwa mfano wa lundo la mchanga. Ukitaka lundo lipande juu, lazima kitako kitanuke kwanza. Kitako ni ubora. Juu yake kuna kutimiza ahadi, kisha kasi, na gharama ndogo inakuja mwishoni ikiwa imebebwa na hivyo vingine. Anayeanza kwa kukata gharama, akapunguza mafundi na vipuri, anajenga kuanzia kileleni.

Kwa uzoefu wangu Skinner na waliompinga wote wana kweli yao. Kiwanda kichafu, chenye skrapu nyingi na mashine zinazokufa kila umeme ukiyumba, kinaweza kuboresha ubora, kasi na gharama kwa pamoja, kwa sababu kuna uozo mwingi wa kuondoa. Hakuna cha kuchagua hapo, safisha tu. Kiwanda kikishakuwa safi ndipo kuchagua kunapoanza kuuma. Kwa unavyonieleza, ninyi bado mna cha kusafisha, na hiyo ni habari njema unayoweza kumpelekea mkurugenzi. Anachotaka si ndoto. Ila kuna kutangulia na kufuata.

Kuhusu watafiti: wamelichunguza swali lako kwa miongo kadhaa, katika viwanda vikubwa vya nchi nyingi, na kwa jumla wanakuta kwamba viwanda ambavyo uzalishaji unaelewa na kusaidia lengo la biashara hufanya vizuri zaidi. Lakini usizichukue tafiti hizo kama dawa. Nyingi zinatuma madodoso kwa meneja mmoja, anajipa alama za mkakati na anajipa alama za mafanikio, na mtu mwenye furaha na kampuni yake atazipandisha zote mbili. Tena kampuni yenye faida ndiyo inayoweza kulipia mafunzo na mashine, hivyo huwezi kusema moja kwa moja kipi kimezaa kipi. Na faida ya mwaka inaguswa na mambo usiyoyashika: dola, kodi, bei ya mafuta, mshindani aliyevusha mzigo mpakani. Ndiyo maana nakusihi usijipime kwa faida peke yake. Zipime namba zilizo karibu na mikono yako, siku za kungoja, skrapu, ahadi zilizotimia, fedha zilizolala ghalani. Hizo zikienda vizuri mwaka mzima na faida isisogee, hapo tatizo liko kwenye bei mnayouzia, si kiwandani.

Niongeze neno kuhusu watu, kwa sababu mikakati mingi inafia hapo. Kule Fremont, California, General Motors walikifunga kiwanda chao mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani. Baada ya muda mfupi magari yake yalikuwa miongoni mwa yenye ubora wa juu kabisa nchini mwao. Kilichobadilika ni namna ya kuwaongoza. Mfanyakazi alipewa haki ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari akiona kosa, na aliyekuja alikuja kumsaidia. Fundi wako wa usiku anajua zaidi kuliko wewe na mimi kwa nini moldi namba saba inavuja maji. Kama kosa likitokea mnamkata mshahara, hatakuambia kamwe, na mkakati wako utabaki hewani.

Kwa hiyo zile kurasa nyingi usiziandike kwanza. Andika ukurasa mmoja: wateja wako ni makundi gani, kila kundi linanunua kwenu kwa sababu gani, mashine zipi na watu wapi wanalihudumia, watapimwa kwa namba gani, na jambo gani mtakubali kulikosa kwa kila kundi. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo bodi haipendi kusoma. Kaa na mkuu wa mauzo kabla ya kumpelekea mkurugenzi, maana kama yeye analipwa kamisheni kwa kila oda mpya bila kujali ukubwa wala rangi, atakuvurugia ratiba ndani ya wiki mbili, naye hatakuwa na kosa.

Lakini kabla hata ya huo ukurasa, chukua saa na daftari, nenda zamu ya usiku ya wiki hii, uchague mashine moja na ukae kwenye kiti tangu moldi inapofunguliwa hadi bidhaa nzuri ya kwanza itoke. Waambie mafundi umekuja kuhesabu muda wa kungoja, hukuja kuwahesabu wao. Ukipata dakika zako niandikie tena, tuziangalie pamoja.